Kaka anasema kirusi kilitengenezwa, na sasa Mama amekataa chanjo

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Tumezaliwa watatu kwa Mama na mimi ndiye kitinda mimba. Baba alipofariki, Kaka yetu mkubwa ndiye aliyetusomesha. Ni mhandisi, mtu makini, na sijawahi kumkamata na uongo. Tangu janga la korona alianza kusoma habari za virusi na hajaacha. Kila wiki anatuma kwenye kundi la familia andiko la kisayansi lenye michoro na majedwali. Mimi ni mhasibu. Nusu ya maneno siyajui.

Hoja zake, kadiri ninavyozielewa, ni hizi. Kirusi cha korona kilitengenezwa maabara huko Wuhan, China, kwa sababu kina kipande ambacho ndugu zake wa karibu hawana, na kwa sababu mshindi mmoja wa Tuzo ya Nobel alisema kina vipande vya kirusi cha UKIMWI. Kwa kuwa kilitengenezwa, mwili wa binadamu hauwezi kukitambua vizuri, ndiyo maana kingamwili (protini za damu zinazopambana nacho) hupotea baada ya miezi michache. Halafu anasema Mama aliugua mwaka 2021 akapona, kwa hiyo ana kinga ya asili itakayomtosha maisha yake yote, na chanjo itaiharibu. Hapo huleta andiko kuhusu kingamwili ziitwazo IgG4, na jedwali la hospitali linaloonyesha kwamba wengi waliolazwa walikuwa wamechanjwa.

Mama ana miaka 74, ana kisukari na presha. Daktari wake alimshauri apate dozi ya nyongeza ya chanjo ya korona, naye akakubali. Kaka akampigia simu usiku. Asubuhi Mama akasema haendi.

Nilimjibu Kaka mbele ya kundi zima kwamba anaeneza uvumi. Akanitumia maandiko sita, akaniandikia: "Lipi kati ya haya ni uvumi? Nionyeshe mstari." Sikuweza. Sasa ni wiki ya tatu hatuzungumzi, na Mama yuko katikati yetu.

Sitaki kumshinda Kaka. Nataka kujua mtu asiye mwanasayansi anayapimaje madai kama haya. Na je, inawezekana Kaka yuko sahihi?

Kitinda Mimba

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye ujasiri. Ndiyo, inawezekana. Katika jambo moja kati ya yale aliyoyasema, Kaka yako anaweza kuwa sahihi, na ukikataa kulikubali hilo hatakusikiliza katika mengine. Neno "uvumi" lilimuumiza kwa haki. Mtu anayesoma maandiko sita na kuomba aonyeshwe mstari si mvumishaji. Ni msomaji aliyeteleza mahali fulani, na kazi yetu ni kutafuta ni wapi.

Mimi nadhani nimepaona. Rudia hoja zake mbili za mwisho polepole. Kwanza anasema mwili hauwezi kukitambua kirusi hiki kwa kuwa kilitengenezwa. Halafu anasema mwili wa Mama umekitambua barabara na utakikumbuka maisha yote. Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Kama mwili haukitambui, kule kuugua mwaka 2021 hakukumwachia Mama chochote. Kama kulimwachia kinga, basi mwili hukitambua. Simwambii mtu mwongo kwa hilo. Ndivyo inavyokuwa tunapokusanya madai moja moja kwa miaka: kila dai linakuja na andiko lake, lina sura ya kweli, na hakuna siku tunayoyaketisha pamoja yaulizane.

Sasa tuanze na Wuhan.

Katika kila andiko la kisayansi kuna kilichopimwa na kuna kilichohitimishwa, na mara nyingi mwanya kati ya hivyo viwili ndimo tunamotumbukia. Chukua kile kipande. Kilichopimwa ni hiki: kirusi cha korona kina herufi za kijenetiki kama 30,000, na mahali fulani kwenye protini yake ya miiba kuna herufi 12 ambazo ndugu zake wa karibu wanaojulikana hawana. Herufi hizo zinakisaidia kuingia kwenye seli zetu. Hilo ni kweli na hakuna anayelipinga. Kilichohitimishwa ni kwamba mtu alizipachika. Swali la kuuliza ni moja: je, kitu cha namna hii hutokea pia pasipo mkono wa mtu? Hutokea. Virusi vya korona vya MERS, vinavyotoka kwa ngamia, vina sehemu ya aina hiyo, na vivyo hivyo vile viitwavyo OC43 na HKU1, ambavyo hutuletea mafua ya kawaida. Kwa hiyo kipande hicho hakikatai maabara, na hakikatai popo wala mnyama wa sokoni. Ushahidi unaotoshea masimulizi yote mawili hauwezi kutuchagulia moja.

Habari ya UKIMWI ni tofauti, na hapa sisiti: hilo halikusimama. Andiko lililolianzisha lilitoka mwishoni mwa Januari 2020, kabla wataalamu wengine hawajalipitia, na waandishi wake wenyewe waliliondoa ndani ya siku chache. Vipande walivyovilinganisha vilikuwa vifupi mno, kiasi kwamba hupatikana katika viumbe vingi visivyohusiana. Ni kama kukuta maneno "kwa sababu" katika barua mbili na kusema mwandishi wa moja alimwibia mwenzake. Mshindi wa Nobel anayemtaja ni Luc Montagnier, aliyerudia dai hilo Aprili 2020. Tuzo yake ya mwaka 2008 ilikuwa ya haki kabisa, kwa kazi ya kugundua kirusi cha UKIMWI mwaka 1983. Lakini tuzo inathibitisha kazi iliyotunzwa. Haithibitishi kila neno ambalo mwenye tuzo atalisema baadaye, na sayansi hairithishi usahihi kutoka kazi moja hadi nyingine.

Bado swali la maabara lenyewe si la kipuuzi, na linanisumbua nikisikia watu wenye elimu wakilicheka. Ajali za maabara zimetokea. Kirusi cha SARS, ndugu wa korona kinacholeta ugonjwa mkali wa mapafu, kiliwaambukiza watafiti katika maabara za Singapore, Taipei na Beijing kati ya 2003 na 2004. Homa ya mafua iliyoenea mwaka 1977 ilifanana mno na kirusi cha miaka ya 1950, kana kwamba kilikuwa kimelala kwenye jokofu, na wataalamu wengi wanaamini mkono wa binadamu ulihusika, kwa jaribio la chanjo au kwa kuponyoka maabara. Na Wuhan kuna taasisi iliyokuwa ikichunguza virusi vya popo, ilhali ndugu wa karibu wa kirusi hiki walipatikana kwa popo wa mkoa wa Yunnan, China, na wa nchi ya Laos, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Upande wa pili, unaosema kilitoka kwa wanyama, una uzito wake. Wagonjwa wa mwanzo wa Desemba 2019 wengi waliishi kuzunguka soko la Huanan huko Wuhan, wakiwemo ambao hawakuwa na uhusiano wowote na soko hilo uliojulikana. Sampuli zilizochukuliwa kwa kupangusa vibanda vyake zilikutwa na vinasaba vya kirusi pamoja na vya wanyama pori waliouzwa hai, wakiwemo mbwa-rakuni, ambao walihusishwa pia na SARS ya mwaka 2003. Ila hakuna mnyama aliyepatikana sokoni akiwa ameambukizwa, na wanyama pori waliouzwa hai walikuwa wameshaondolewa kabla ya kupimwa. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliandika Juni 2025 kwamba uzito wa ushahidi uliopo unaelekea kwa wanyama, na kwamba dhana zote zinabaki wazi kwa sababu China haikutoa taarifa zilizoombwa. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, nalo lilisema Januari 2025 kwamba linaegemea maabara, kwa imani ndogo. Hayo maneno mawili, "imani ndogo", huachwa mara nyingi habari hiyo inaposambazwa. Kaka yako akiituma, mwombe ayarudishe.

Ukiniuliza mimi, nauona ushahidi wa sokoni kuwa mzito zaidi, na sijafunga mlango.

Kwa mhandisi kuna namba moja ya kutafakari. Huwa inasemwa kwamba taasisi ya Wuhan ilikuwa na taarifa za kirusi cha popo kiitwacho RaTG13, kinachofanana na cha korona kwa asilimia 96. Asilimia 96 inasikika kama pacha. Lakini asilimia 4 ya herufi 30,000 ni herufi 1,200 hivi, zimetawanyika kila mahali, na virusi hivi huhitaji miongo ya miaka kutofautiana kiasi hicho. Kwa hiyo si pacha, ni binamu wa mbali. Hilo halisemi kwamba maabara haina lolote. Linasema tu kwamba kirusi hicho sicho kilichogeuzwa. Dai dogo lililokufa, huku dai kubwa likiendelea kuishi: mzoeze Kaka yako namna hiyo ya kusema, na wewe ujizoeze.

Maswali ya aina hii yamewahi kupimwa na kujibiwa. Kulikuwa na dhana nzito kwamba UKIMWI uliletwa na chanjo ya polio ya matone iliyotolewa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950, eti ilikuzwa kwenye seli za sokwe. Wanasayansi hawakuishia kukasirika. Akiba ya chanjo ile ilitolewa kwenye majokofu ikapimwa: haikuwa na kirusi cha UKIMWI wala chembe ya sokwe, ilikuwa na chembe za nyani wa jamii nyingine. Sokwe wa karibu na Kisangani, huko Kongo, nao walipimwa, na kirusi chao kinachofanana na cha UKIMWI kilikuwa cha ukoo mwingine. Dhana ilianguka kwa sababu ilisema jambo linaloweza kupimwa.

Sasa tufike pale panapomhusu Mama. Tuseme kesho asubuhi ithibitike kwamba kirusi kilitoka maabara. Je, dai la kwamba mwili haukitambui litapata nguvu? Hata kidogo. Kinga ya mwili haina njia ya kujua kitu kilizaliwa wapi. Tuna seli za kinga ziitwazo seli B na seli T, nyingi mno, kila moja ikiwa na kipokezi chenye umbo lake, kilichochanganywa bila mpango kabla hata hatujakutana na adui yeyote. Kirusi kikiingia, seli ambazo umbo lake linashikana nacho huchaguliwa na kuzaliana. Kinachoangaliwa ni umbo. Virusi vya chanjo ya surua vilidhoofishwa maabara kwa mikono ya watu, na mwili huvitambua na kuvikumbuka kwa miaka mingi. Basi hata tukimpa Kaka yako ushindi wote wa Wuhan, hatasogea hatua moja kuelekea hitimisho lake la chanjo. Haya ni maswali mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

Kwamba kingamwili hupungua baada ya miezi, hilo ni kweli. Ndivyo inavyokuwa baada ya maambukizi mengi: seli nyingi zinazozitengeneza hufa kazi ikiisha, kama wapagazi wanaolipwa na kuondoka, na zinabaki seli kumbukumbu. Watu waliougua SARS mwaka 2003 walipimwa miaka 17 baadaye, na bado walikuwa na seli T zinazokitambua kirusi kile. Kwa hiyo anayepima kingamwili za damu peke yake na kutangaza kwamba kinga imekwisha amehesabu askari walioko barazani akasahau walioko kambini.

Lakini usilichukue hilo kuwa ushindi, kwa maana linakata pande zote. Seli kumbukumbu huhitaji siku kadhaa kuamka, na kirusi cha korona ni cha haraka. Kumbukumbu humwokoa mtu na ugonjwa mkali zaidi kuliko inavyomzuia asiambukizwe. Tena kirusi hubadilika: aina yake iitwayo Omikroni ilijitokeza mwishoni mwa 2021 ikiwa na mabadiliko mengi kwenye miiba, na watu wengi waliowahi kuugua waliugua tena. Kinga ya Mama ya mwaka ule ipo, na ina thamani yake, Kaka hakukosea. Alipovuka ni kwenye neno "maisha yote". Kwa mtu wa miaka 74 mwenye kisukari, ambaye kinga yake imezeeka pamoja naye, neno hilo ni zito mno kulitamka bila kipimo.

Andiko la IgG4 nalichukulia kwa uzito, na naomba umwambie hivyo, kwa sababu lina kitu halisi ndani yake. Ni kweli imepimwa kwamba baada ya dozi za kurudia za chanjo za mRNA (zinazoupa mwili maelekezo ya kujitengenezea protini ya kirusi), aina hiyo ya kingamwili huongezeka, na ni aina tulivu isiyochochea mapambano kwa ukali. Huongezeka pia kwa wafuga nyuki wanaodungwa mara kwa mara, na kwao ni sehemu ya mwili kuzoea sumu. Hayo ndiyo yaliyopimwa. "Chanjo inaharibu kinga" ni hitimisho, na haliwezi kupatikana kwenye bomba la damu. Litapatikana kwa kuangalia watu: nani alilazwa na nani alikufa. Tumewahi kuumizwa na mwanya huo. Mwaka 2020 dawa ya hydroxychloroquine ilikizuia kirusi kwenye sahani ya seli za figo ya nyani, dunia ikaichangamkia, na mwezi Juni jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY likaonyesha kwamba haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Seli ndani ya sahani si mgonjwa kitandani. Nitende haki pia: mwezi uliotangulia, jarida maarufu la The Lancet lilichapisha andiko lililosema dawa hiyohiyo inaua, kwa takwimu ambazo hakuna aliyeweza kuzihakiki, na likalifuta ndani ya wiki mbili. Jina kubwa la jarida halikutosha kwa upande wowote.

Lile jedwali la hospitali ni lako, mhasibu. Tuchukue mfano wa kubuni: wazee 1,000, kati yao 900 wamechanjwa na 100 hawakuchanjwa. Kwa waliochanjwa wanalazwa 18. Kwa wasiochanjwa wanalazwa 10. Ukiingia wodini utakuta wagonjwa 28, na 18 kati yao wamechanjwa, karibu wawili kwa kila watatu. Sasa gawanya unavyogawanya kila siku: 18 kwa 900 ni asilimia 2, na 10 kwa 100 ni asilimia 10. Hatari ya asiyechanjwa ni mara tano, na bado wodi imejaa waliochanjwa. Jedwali la Kaka linaweza kuwa sahihi kabisa. Limekosa safu moja tu: jumla ya watu wa kila kundi walioko nje ya hospitali. Muulize kama anayo.

Chanjo zina madhara, na usiyafiche. Zile za mRNA zimesababisha uvimbe wa misuli ya moyo, kwa nadra, zaidi kwa vijana wa kiume. Ile ya AstraZeneca ilileta kuganda kwa damu kusiko kwa kawaida, kwa nadra pia. Hofu kwamba chanjo inaweza kuufanya ugonjwa uwe mkali zaidi nayo haikutoka hewani: mwaka 2017 ilibainika kwamba chanjo ya dengi iliwaongezea hatari watoto ambao hawakuwahi kuugua dengi kabla. Kwa sababu hiyo watafiti wa korona walilitafuta jambo hilo tangu majaribio ya mwanzo, na baada ya mabilioni ya dozi halikuonekana. Waliougua na kuchanjwa pia, ambao ndio kundi la Mama, wameonekana kuwa na kinga imara kuliko wenye kimoja tu. Shirika la Afya Duniani limewaweka wazee na wenye kisukari kwenye kundi la mbele la dozi za nyongeza, na mimi nakubaliana nalo. Mama yangu angekuwa na umri huo na kisukari, ningempeleka.

Kuhusu yale maandiko sita: usijaribu kuyajibu yote. Mwombe Kaka achague moja analoliona lina nguvu kuliko mengine, mlisome pamoja kwenye simu, nje ya kundi. Nendeni kwenye matokeo kwanza, muandike kwa maneno yenu ni nini kilichopimwa, kwa nani, na kwa watu au panya wangapi. Kisha mtafute aya ambamo waandishi wenyewe wanakiri mapungufu ya kazi yao. Karibu kila andiko la maana linayo, mara nyingi kuelekea mwisho, na ni aya ambayo wanaosambaza maandiko huiruka. Huo ndio mstari aliokuomba. Kisha muulize, kwa upole na kwa nia ya kusikia jibu: "Kaka, ungeona kitu gani ndipo useme hili nilikosea?" Na wewe uwe na jibu lako la swali hilohilo, maana atakurudishia, na ana haki.

Kabla ya yote hayo, mwombe radhi kwa lile neno, na umwombe radhi palepale ulipolisema, mbele ya kundi. Yeye ndiye aliyewasomesha, na alimpigia Mama simu usiku kwa sababu anamwogopea.

Mama asisubiri mmalize habari za Wuhan. Mpange naye siku ya kliniki, maswali yake yaandikwe kwenye karatasi, la IgG4 likiwemo, na daktari amjibu yeye mwenyewe. Akisikia na bado akakataa, uamuzi ni wake. Na Kaka mjulishe tarehe mapema, umkaribishe aje nanyi, asije akasikia kwa mtu mwingine kwamba mlikwenda.

Shangazi